Moto uko Naivasha, kwa nini makaa yaletwe Lamu? Miamba ya nchi na siasa ya umeme Pwani

Kila serikali inapotafuta mahali pa kujenga mtambo mkubwa wa umeme, mtambo ambao chakula chake lazima kiletwe na meli kutoka ng'ambo, ramani hufunguliwa upande wa Pwani. Zamani ilikuwa Kipevu na Rabai, mafuta mazito. Ikafuata Lamu, makaa ya mawe. Ikafuata Uyombo kule Kilifi, nyuklia. Watu wetu wamezoea kulisoma jambo hili kisiasa tu: wabara wameamua, sisi tunaletewa. Siasa ipo, sikatai. Lakini chini ya siasa kuna mwamba, na mwenye kujua siasa bila kuujua mwamba atashinda kesi moja mahakamani kisha ashangae ya pili inapobisha hodi.

Tuanze huko bara, kwenye Bonde la Ufa. Ardhi ya Afrika Mashariki inapasuka polepole, kutoka Djibouti na Ethiopia, kupitia Turkana, Baringo, Nakuru na Naivasha, hadi Tanzania. Inapovutwa pande mbili, ganda la dunia hupungua unene kama unga wa chapati unaposukumwa, na ule moto wa chini husogea karibu. Mvua inayonyesha milimani hupenya kwenye nyufa, hukutana na mwamba wa moto, na hubaki huko imefungwa kama maji ndani ya sufuria yenye kifuniko kizito. Kule Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, visima vya kilomita mbili hadi tatu hufika mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 300. Kinachotoka ni mvuke wenye nguvu ya kuzungusha mashine.

Uchimbaji wa majaribio ulianza Olkaria mwaka 1956, wakati wa mkoloni, ukaachwa, ukarudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mtambo wa kwanza, megawati 15 tu, uliwashwa 1981. Leo umeme wa mvuke nchini umepita megawati 900, na takriban asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka huko. Hakuna nchi ya Afrika inayotukaribia, na duniani tumo katika kumi za mbele. Mvuke huo hauhitaji meli wala dola za kununulia mafuta. Haujali ukame uliokausha mabwawa ya Tana wala jua limetua au bado. Unatoka usiku na mchana, mwaka mzima.

Kabla ya wahandisi, waliokaa juu ya moto huo walikuwa wameshaujua kwa njia yao. Jina lenyewe Olkaria ni neno la Kimaasai la ule udongo mwekundu wa kujipaka, udongo ambao rangi yake imetokana na mvuke kupika miamba kwa karne na karne. Kule Eburru, mlima mkavu usio na mto, wakaazi wamekuwa wakipitisha mvuke wa ardhini kwenye mabomba ili upoe na kudondosha maji ya kunywa. Elimu ya mwamba haikuanza na Chuo Kikuu. Ilianza kwa watu waliotafuta maji, rangi na malisho, na wakayapa mahali majina kulingana na walichokiona.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu sisi nasi tuna hadithi ya mpasuko, ila ya kwetu imekwisha zamani. Kisiwa cha Madagaska kilikuwa kimeshikamana na upande huu wa Afrika. Kikakatika na kwenda zake mamilioni mengi ya miaka iliyopita, enzi za dinosauri, na bahari ikaingia katikati. Yaani Pwani ni bonde la ufa lililomaliza kazi yake. Moto ulizimika, ufa ukajaa mchanga na tope, na tabaka juu ya tabaka zikawa mawe. Mawe ya Mazeras yanayotandikwa kwenye nyua na vibaraza vya Nairobi ni mchanga wa wakati huo. Anayesafiri kwenda Mariakani hupita mahali paitwapo Maji ya Chumvi, na wataalamu wa miamba wameliita tabaka zima kwa jina hilo hilo. Hawakuwa na haja ya kubuni jingine. Wenyeji walikuwa wameshaonja maji ya visima vyao na kutoa ripoti.

Juu ya mawe hayo ya kale, ukingoni kabisa mwa bahari, kuna mwamba mchanga zaidi: tumbawe. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na miamba ya matumbawe ikakua kwa raha kuanzia kusini hadi kaskazini. Baadaye, dunia ilipoingia enzi ya barafu, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, matumbawe yakabaki nchi kavu, na mito ikachimba mabonde marefu kuelekea maji yaliyokimbia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kuyajaza mabonde hayo. Ndiyo hizo hori zetu: Kilindini, Tudor, Mtwapa, Kilifi. Palipokuwa na mto, tumbawe halikushika, kwa sababu halipendi maji baridi ya mto wala tope lake, na pakabaki mlango.

Mlango huo ndio uliotufanya tuwe tulivyo. Jahazi lililosukumwa na kaskazi kutoka Uarabuni lilihitaji mahali pa kuingia, kutulia, kupakua na kungoja kusi limrudishe nahodha kwao. Ufuo wa mwamba usio na mlango haukumfaa. Miji ikaota penye bandari na hori, au nyuma ya visiwa kama Lamu na Pate, na katika miji hiyo lugha tunayoiandika hapa ikapata soko lake. Mwamba haukuzaa Uswahili peke yake, watu ndio walioufanya. Lakini uliamua ni wapi watu hao watakutana.

Kisha ukawapa nyumba. Tumbawe la nchi kavu lilikatwa kwa kuta nene. Lile laini la baharini, ambalo hukatwa likiwa bado bichi na kugumu likikauka, lilichongwa mihirabu na zidaka. Likichomwa likawa chokaa. Mikoko ikatoa boriti, na kwa kuwa boriti ina urefu wake isioweza kuupita, vyumba vya Lamu vikawa virefu na vyembamba. Upana wa chumba cha bibi harusi wa Kiamu uliamuliwa na mti wa mkoko. Wareno walipotaka ngome mwaka 1593 walichagua kilima cha tumbawe mlangoni mwa Mombasa, na Fort Jesus ikatoka humo humo ilipoketi. Katika karne iliyopita tumbawe hilo hilo likawa saruji ya Bamburi, tangu miaka ya 1950, na maghorofa mengi ya nchi hii yana vumbi la Pwani ndani yake.

Hata maji. Chini ya tumbawe na mchanga, maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, tabaka jembamba ambalo likivutwa kwa pupa chumvi hupanda. Ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela vina thamani kubwa kwa Lamu. Vilima hivyo ndivyo birika la mji. Anayejenga hoteli juu yake anajenga juu ya mtungi wa jirani.

Nimekaa sana hapa, na msomaji anaweza kuuliza umeme umeenda wapi. Umeme unakuja kwenye mlango ule ule. Mwamba wetu ulitunyima mvuke ukatupa bandari. Kwa hiyo, kwa jicho la mpangaji wa Nairobi, Pwani si mahali pa kuzalisha kawi. Ni mahali pa kuipokea ikitoka melini. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilijengwa Changamwe na kuanza kazi 1963, kikasimama 2013. Mitambo ya Kipevu na Rabai nayo ikajengwa. Na gharama ya mafuta hayo ikaingizwa kwenye bili ya kila mwenye mita, ule mstari unaopanda na kushuka na ambao mtu wa Likoni huulipa sawa na mtu wa Eldoret. Tofauti ni kwamba mtu wa Eldoret havuti moshi wake.

Makaa ya Lamu yalifuata mantiki hiyo hiyo. Mtambo wa megawati 1,050 ungejengwa Kwasasi, kwa makaa ambayo mwanzoni yangetoka Afrika Kusini. Fikirieni hesabu hiyo: nchi iliyokalia moto wake yenyewe inanunua jiwe la kuchoma kutoka nchi nyingine, inalipitisha baharini hadi kando ya mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na kuta zake za tumbawe na chokaa haziipendi mvua yenye asidi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni 2016. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ikaifuta, kwa sababu ya kushirikisha wananchi vibaya na tathmini isiyotosha. Mnamo Oktoba 2025, mahakama ya Malindi ikaikataa rufaa ya kampuni. Miaka yote hiyo wavuvi, wazee na vijana wa Lamu walikuwa wakihudhuria vikao. Heshima yao hawajapewa ya kutosha.

Uyombo ni kisa kingine na kinataka uangalifu zaidi. Kinu cha nyuklia kinahitaji vitu viwili ambavyo mwamba huamua: maji mengi ya kupozea, na ardhi iliyotulia. Mtu hawezi kuweka kinu juu ya Menengai. Bonde la Ufa linatikisika, lina volkeno ambazo hazijafa, na kule Suswa na Narok ardhi hufunguka nyufa mvua ikinyesha. Pwani imetulia, na bahari ipo. Ona basi kejeli yake: ule ubaridi wa mwamba uliotunyima mvuke ndio uliotufanya tufae kwa nyuklia. Wakaazi wa Uyombo, walio kati ya hori ya Mida na bahari wanayoivua, waliandamana Mei 2024 na polisi wakawatumia nguvu. Mwaka uliofuata macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Maji tena. Wanaoshangilia kwamba nyuklia imehama wakumbuke kwamba sababu za mwamba zilizoileta Uyombo bado zipo Uyombo. Hori haijahama.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito, na sipendi kuipita kama haipo. Umeme ukisafiri mbali hupungua nguvu njiani. Mji mkubwa ulio mwisho wa waya mrefu, kama Mombasa, huhitaji mitambo ya karibu ya kuushikilia, la sivyo kila hitilafu ya Nairobi au Turkana inazima taa za Nyali. Tunalijua hilo kwa giza la Agosti 2023, lililofunika karibu nchi nzima. Mhandisi anayesema Pwani inahitaji chanzo chake si adui yetu. Anayeruka kutoka hapo hadi makaa ya Afrika Kusini ndiye tunayepaswa kumhoji.

Kwa sababu kati ya moto wa Naivasha na taa ya Kisauni, kinachokosekana zaidi ni waya. Usiku wa manane viwanda vikilala, matumizi ya nchi hushuka na mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha kitu, maana kisima hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Tumeulipia mvuke huo kwa mikopo ya nje, kisha tunaupeperusha. Kule Turkana mambo yalikuwa mabaya zaidi. Upepo wa Loiyangalani hupita kwa nguvu kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, kazi nyingine ya Bonde la Ufa, na mitambo 365 ilisimamishwa kuupokea, megawati 310. Mitambo ikawa tayari 2017. Waya wa kilomita zaidi ya 400 kuelekea Suswa haukuwa tayari hadi 2018, na nchi ikalipishwa fidia kwa umeme ambao haikuutumia.

Lamu yenyewe ilikaa miongo mingi kwa jenereta za dizeli, ikaunganishwa na gridi ya taifa kupitia Rabai, Malindi na Garsen miaka ya 2010. Laini kubwa ya Nairobi hadi Rabai, ya kilomita 482, ilimalizika 2017. Hizo zilikuwa kazi nzuri, na hakuna aliyeandamana kuzipinga kama walivyoandamana wa Lamu. Lakini waya hauna utepe wa kukata unaopendeza kwenye runinga, na kamisheni yake haifikii ya mtambo wa mabilioni. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya maelezo.

Pwani ina jua la kuzidi. Langobaya, Malindi, kuna mtambo wa jua wa megawati 40 unaofanya kazi tangu mwisho wa 2021, na haukuhitaji bandari. Udhaifu wa jua unajulikana: matumizi yetu hupanda baada ya magharibi, watu wakirudi nyumbani na mafeni yakawashwa, na hapo jua limeshakwenda. Ndipo betri na mvuke wa bara vinapokutana na jua letu. Nyaraka za serikali huitaja pia Mwananyamala, Kwale, miongoni mwa mahali penye dalili za joto la ardhini nje ya Bonde la Ufa. Nisiwapandishe watu matumaini, dalili si kisima. Lakini ni haki ya Kwale kuuliza utafiti huo umefika wapi.

Mtu wa Pwani anaweza kusema moto ni wa bara, tusiingilie. Namkumbusha anywe maji kwanza. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka Mzima, na Mzima ni zawadi ya volkeno. Milima ya Chyulu ni majivu na lava changa iliyojaa matundu. Mvua ikinyesha haitiririki juu, inazama, inachujwa chini kwa chini na kuibuka Tsavo ikiwa safi kama kioo. Tangu miaka ya 1950 bomba la kilomita 220 huileta hadi hapa. Kwa hiyo tumeshaishi kwa mwamba wa wengine kwa zaidi ya miaka 60. Na Taita Taveta wamelalamika kwa muda mrefu kwamba maji yanapita kwao yakaenda kuuzwa Mombasa huku wao wakibeba madumu. Malalamiko hayo ni yale yale tunayoyapeleka Nairobi sisi, safari hii tukiwa upande wa pili wa bomba.

Na waliokalia moto, je? Hapa ndipo picha ya Olkaria inapochafuka. Mwaka 2014, kupisha mtambo wa Olkaria IV, familia za Wamaasai zipatazo 150 zilihamishiwa makazi mapya. Nyumba walijengewa za mawe, bora kwa macho kuliko walizoziacha. Lakini wengi walilalamikia barabara, makorongo, umbali wa shule na malisho, na hati ya ardhi. Wakaandika kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliotoa mikopo. Wakaguzi wakaja, wakakuta kwamba taratibu za benki zenyewe hazikufuatwa zote, na usuluhishi ukamalizika kwa mkataba 2016. Umeme huu tunaouita safi kwa sababu hauna moshi, kwao ulikuja na lori la kuhamisha vyombo. Turkana nako, mahakama ya Meru iliamua Oktoba 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo zilipatikana kinyume cha taratibu.

Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mwenye leseni ya mvuke atalipa mrabaha wa asilimia 1 hadi 2.5 kwa miaka kumi ya kwanza, kisha asilimia 2 hadi 5. Kati ya fedha hizo serikali kuu inachukua 75, kaunti 20, na jamii ya mahali 5. Sheria ya Madini ya 2016 nayo inagawa 70, 20 na 10. Msomaji atulie kwenye tofauti hiyo. Jamii iliyokalia mchanga ina haki mara mbili ya jamii iliyokalia mvuke, na hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Vyote viwili vimo ardhini, vyote viwili mwenyeji hakuvichimba, na vyote viwili ndivyo vinavyomhamisha.

Hata hizo kumi ni za kwenye karatasi mpaka zifike. Mchanga wa Kwale ulikuwa na ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini mazito yaliyooshwa na mito kutoka miamba ya kale ya bara na kukusanywa na upepo kwenye vilima vya kale vya mchanga. Meli ya kwanza ilipakia Likoni Februari 2014. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kwa miaka mingi kati ya tarehe hizo mbili wenyeji walikuwa bado wanauliza mgao wao uko wapi. Mgodi ulimaliza mchanga kabla ya serikali kumaliza hesabu.

Na sasa macho yote yako kwenye kilima cha Mrima, kusini mwa Kwale. Mrima ni mabaki ya volkeno ya kale ya aina isiyo ya kawaida, mwamba wa moto uliojaa chokaa, na mvua ya muda mrefu imeuozesha ukabaki udongo wenye niobiamu na yale madini yanayoitwa adimu. Madini hayo hutumika kutengenezea sumaku za mitambo ya upepo na injini za magari ya umeme. Dunia inataka kuacha mafuta, China inashikilia sehemu kubwa ya biashara ya madini hayo, na mataifa makubwa yanatafuta mlango mwingine. Kilima chetu kimo kwenye orodha zao.

Kwa Wadigo, Mrima ni kaya. Msitu wake umelindwa na wazee kwa ajili ya ibada na maziara, na umesimama kwa sababu ule ule udongo wenye utajiri ndio unaoulisha. Wapo wanaodhani kaya ni mambo ya kale yasiyo na nguvu mbele ya mkataba. Waisome kesi ya kampuni ya Cortec. Leseni yake ilifutwa 2013, ikaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia ikidai takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 Kenya ikashinda. Baraza lilisema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, kwa kuwa Mrima ni msitu wa serikali, hifadhi ya mazingira na mnara wa taifa, na kampuni haikuwa na idhini za mazingira zilizotakiwa. Ulinzi wa kaya, ulioandikwa kwenye gazeti la serikali, uliiokolea hazina ya taifa fedha ambazo waziri yeyote angezipoteza kwa saini moja.

Sasa makampuni yanarudi, na safari hii wanakuja na lugha ya kawi safi. Sisemi Mrima isichimbwe kamwe. Wapo vijana wa Kwale ambao mgodi wa mchanga uliwaajiri na sasa wamekaa, na hoja yao ya kazi ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba mambo matatu yamalizwe kabla ya leseni. La kwanza ni mgao: asilimia 10 iwekwe kwenye akaunti inayotajwa kwa jina ndani ya mkataba, na tarehe ya malipo iandikwe, kwa sababu Kwale imeshaona tarehe isiyoandikwa inavyofanya kazi. La pili ni sehemu ya kilima itakayobaki kaya, iliyopimwa na kuwekewa mipaka na wazee wenyewe, maana makaburi na maziara hayahamishwi kwa lori.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi. Udongo wa Mrima una thoriamu, na mionzi yake ya asili ni ya juu kuliko ya mahali pengi. Msitu ukiwa umesimama, vumbi halipeperuki. Ukichimbwa, vumbi litaingia kwenye nyumba na kwenye maji. Basi visima vya vijiji vinavyouzunguka mlima vipimwe sasa, kabla hata tingatinga moja halijapanda, na majibu yabandikwe misikitini, makanisani na kwa chifu, kwa Kiswahili na Kidigo. Serikali ya kaunti haihitaji ruhusa ya Nairobi wala ya mwekezaji kuchota chupa za maji na kuzipeleka maabara. Bajeti ya mwaka ujao itasomwa, na vikao vya wananchi vitaitishwa kabla yake. Mwenye kwenda kikaoni Lunga Lunga na auombe upimaji huo kwa jina lake, na aombe uandikwe kwenye kumbukumbu.